Dkt. Matthew wa Lacor na kazi ya kuwa makini

Dkt. Matthew Lukwiya anakumbukwa zaidi kwa namna alivyokufa. Mimi naomba tuanzie kwenye namna alivyosoma.

Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2000 alikuwa Kampala, masomoni Makerere, akitafuta shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Hospitali yake, ile ya Mtakatifu Maria iliyopo Lacor nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikuwa amemwachia mwenzake, Dkt. Cyprian Opira. Asubuhi hiyo Opira akampigia simu. Kulikuwa na ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wawili wa chuo cha uuguzi cha hospitali walikuwa wamekwisha kufa. Jioni ile ile Matthew alikuwa Lacor, safari ya zaidi ya kilomita 300. Usiku huo akashuhudia mwanafunzi mwingine wa uuguzi akifariki.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukikazia. Daktari huyu, aliyekuwa amesimamia hospitali hiyo katika miaka mibaya ya vita na kuzoea kuona damu, hakukimbilia kuagiza dawa. Alikaa chini na mafaili. Akapitia taarifa za wagonjwa 17 waliokuwa na dalili za kufanana, akazipima na miongozo ya Shirika la Afya Duniani na ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, hasa sehemu zinazohusu homa za virusi zinazomfanya mgonjwa atoke damu. Homa kali, kutapika, kuharisha, damu kutoka kwenye fizi na puani, na wahudumu kuugua baada ya wagonjwa wao. Vipande vikaungana. Hakungoja barua ipande ngazi za wilaya na wizara. Akampigia simu moja kwa moja Dkt. Sam Okware, kamishna wa huduma za afya ya jamii, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe wakaja kuchukua damu. Majibu yalirudi kutoka Johannesburg katikati ya mwezi: Ebola, aina ya Sudan.

Majibu yalipofika, wodi ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa tayari inafanya kazi. Wahudumu walikuwa wamevaa barakoa, gauni na glavu, kwa utaratibu ulioandikwa. Yote haya ndani ya wiki moja, katika wilaya yenye waasi porini na makambi ya wakimbizi wa ndani kila upande.

Anayetaka kujua uzito wa wiki hiyo aitazame Guinea. Huko Ebola ilianza kusambaa mwishoni mwa mwaka 2013, ikatambuliwa rasmi Machi 2014, na kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kutawanyika. Mlipuko ule wa Afrika Magharibi uliua watu zaidi ya 11,000. Wa Uganda wa mwaka 2000 uliishia kwenye wagonjwa 425 na vifo 224, na kwa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko mlipuko wowote wa Ebola uliowahi kutokea. Najua tofauti hiyo ina sababu nyingi, zikiwemo miji mikubwa na mipaka yenye watu wengi wanaovuka kila siku. Lakini sitaki mtu aniambie kwamba usiku ule wa kupekua mafaili haukuokoa maisha. Uliokoa mengi, na waliookolewa hawajui kwamba waliokolewa, kwa sababu hawakuugua.

Wema wa namna hii ni mgumu kusimulia. Tunapomsifu daktari, tunasema ana mkono mwepesi, ana maneno mazuri, hachoki kusikiliza, hadai kitu kidogo. Sifa hizo zote Matthew alikuwa nazo, na waliomfahamu wamezieleza kwa miaka mingi. Ila ukarimu wake mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ulikuwa umakini: kukubali kwamba huenda hujui unachokitazama, kisha kufanya kazi ya kukijua kabla mwingine hajalipia kutojua kwako.

Alizaliwa Novemba 1957 huko Kitgum. Baba yake, aliyekuwa muuza samaki, alikufa maji Matthew akiwa na miaka 12, na mama alikuwa mchuuzi. Alipanda kwa ufadhili wa masomo, darasa baada ya darasa, hadi Makerere, na mwaka 1983 akaingia Lacor kwa mafunzo ya vitendo. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959, na kuanzia mwaka 1961 ilijengwa upya kwa mikono ya wanandoa wawili madaktari, Piero Corti kutoka Italia na Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada. Walimtambua kijana huyo mapema na kumwona kuwa ndiye atakayeshika usukani. Mwaka 1990 alikwenda Liverpool kusomea afya ya watoto katika nchi za joto, akafaulu kwa kiwango kilichowashangaza walimu wake. Walimpa nafasi ya kubaki na kufundisha. Akarudi Gulu.

Akarudi mahali ambapo mwaka mmoja kabla ya safari hiyo waasi walikuwa wamemchukua yeye mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa Kuu ya mwaka 1989. Walifika hospitalini wakiwataka masista wa Kiitaliano. Matthew akasimama mbele yao, akawaambia wamchukue yeye. Wakamchukua. Alikaa porini wiki nzima, na gauni lake la hospitali mwilini, kabla ya kuachiliwa. Vita vilipozidi, alifungua malango ya hospitali kwa wanavijiji waliokuwa wakitafuta pa kulala usiku. Maelfu walijilaza uani, varandani, popote palipokuwa na nafasi, na asubuhi wakarudi makwao. Hospitali hazijengwi kwa kazi hiyo, na msimamizi mwenye hofu angepata sababu kumi za kuyafunga malango hayo.

Ukijua hayo, ni rahisi kudhani kwamba ujasiri ule ule ndio uliotosha mbele ya Ebola. Haukutosha, na Matthew alilijua hilo kabla ya wote.

Ebola hufuata mkono wa huruma. Haipeperuki hewani kama surua. Inakaa katika matapishi, jasho, damu, na katika mwili wa marehemu. Anayeambukizwa ni mama anayemfuta mwanawe, ni binti anayemlisha baba, ni dada wa mgonjwa anayemwosha baada ya kukata roho, ni muuguzi anayebadilisha shuka. Anayemkimbia mgonjwa hubaki salama. Ni ugonjwa katili kwa jinsi hiyo: unawachagua walio wema. Kwetu, ambako kumwosha maiti ni heshima ya mwisho na kumwacha mgonjwa peke yake ni aibu kwa ukoo mzima, kirusi hiki kinapata njia iliyofagiliwa.

Kwa hiyo Matthew alilazimika kuwafundisha wahudumu wake jambo zito: kupenda kwa glavu mbili mbili. Kugusa kidogo, kunawa, kuvua mavazi kwa mpangilio, kuangaliana. Na katika hilo Waacholi, wenyeji wa Gulu, hawakuwa watu wa kuanzia sifuri. Wataalamu wa mila waliofika Gulu wakati wa mlipuko walikuta wazee wana taratibu zao za kale kwa maradhi ya kuambukiza yanayokuja kwa kishindo, waliyoyaita gemo: mgonjwa hutengwa kwenye nyumba ya pembeni, huhudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona, nyumba yake huwekewa alama ya matete marefu, na watu huacha kutembeleana na kucheza ngoma. Sioni tofauti kubwa kati ya mwongozo uliochapishwa Geneva na huo wa wazee. Ninalisema hili kwa sababu bado nasikia watu wakieleza milipuko yetu kana kwamba ni ujinga wa wanavijiji unaoileta. Gulu walikuwepo wazee waliojua la kufanya, na daktari wa huko huko aliyezaliwa miongoni mwao.

Novemba ikawa ngumu. Wahudumu wa Lacor waliendelea kuugua licha ya mavazi ya kinga. Kuna siku walizikwa wauguzi zaidi ya mmoja. Hofu ikageuka hasira, na wahudumu wapatao 400 wakajikusanya katika ukumbi wa chuo cha uuguzi, wengi wakitaka hospitali ifungwe. Matthew akaenda kuwakabili. Alizungumza nao kwa saa nyingi. Aliwaambia kwamba hospitali ikifungwa yeye ataondoka Gulu moja kwa moja. Akawaambia pia kwamba hakuna atakayelazimishwa. Wakabaki. Si wote walioingia wodi ile, na hawakustahili kulaumiwa. Walioingia walijua wanachokifanya.

Naomba tusiupite ukumbi ule haraka. Wale 400 hawakuwa waoga. Walikuwa wauguzi, wafagiaji, wafuaji, wapishi, vijana wa chuo wenye miaka ishirini na kitu, wenye watoto nyumbani, walioona wenzao wakifungwa katika mifuko ya plastiki. Mshahara wao haukuwa wa kumfanya mtu acheze na roho yake. Na wengi waliokufa Lacor walitoka miongoni mwao: zaidi ya wafanyakazi kumi, wauguzi wakiwa wengi. Magazeti ya dunia yaliandika habari za daktari mmoja kwa kurasa nyingi, na alistahili. Lakini walioanza kufa walikuwa wanafunzi wa uuguzi, waliopangiwa zamu ya kumhudumia mgonjwa ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Hao ndio waliolipa bei ya taarifa ambazo Matthew alizisoma baadaye kwenye mafaili.

Alfajiri ya tarehe 20 Novemba aliamshwa. Muuguzi mmoja wa kiume, mfanyakazi wa hospitali aliyekuwa amelazwa kwa Ebola, alikuwa amechanganyikiwa, amevua kifaa cha oksijeni na kutoka kitandani, huku akikohoa damu. Wahudumu wa zamu waliogopa kumsogelea. Matthew akavaa barakoa, kofia, gauni, aproni, glavu mbili mbili. Hakuvaa miwani ya kinga wala kioo cha uso. Akamsaidia mwenzake kurudi kitandani. Muuguzi yule alikufa muda mfupi baadaye. Jioni ya tarehe 26, Matthew akashikwa na homa.

Nimesoma masimulizi ya alfajiri ile mara nyingi, na kila ninapofika hapo kwenye miwani ninasimama. Watu wengi huipitia sehemu hiyo kwa sauti ya kuabudu: tazama, alimpenda mwenzake hata akajisahau. Sikubaliani nao. Mtu aliyetumia wiki sita akiwafundisha wengine wasiguse kabla ya kuvaa kila kitu hakupanga kujisahau. Naamini alikuwa amechoka kupita kiasi. Naamini kwamba hospitali yenye wahudumu wa kutosha usiku ule, waliopumzika, waliofundishwa pamoja, isingemhitaji mkurugenzi wake aamshwe usingizini kumrudisha mgonjwa kitandani. Alichokosa alfajiri ile kilikuwa kitu kinachonunulika dukani, pamoja na mtu wa pili wa kumwambia: daktari, miwani.

Alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 5 Desemba 2000, siku chache baada ya kutimiza miaka 43. Aliacha mke na watoto watano. Akazikwa siku hiyo hiyo jioni katika viwanja vya hospitali, kwa kufuata kanuni alizozisimamia mwenyewe: jeneza lililofungwa, wazikaji waliovaa kinga mwili mzima, dawa ya klorini ikipuliziwa, waombolezaji wakiwa mbali. Mahali alipachagua mwenyewe, kando ya kaburi la Lucille Teasdale, ambaye naye aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwapasua majeruhi wa vita na kufariki mwaka 1996. Piero Corti akaungana nao mwaka 2003.

Wauguzi waliomhudumia walisimulia kwamba katika siku zake za mwisho alimwomba Mungu, kama ni lazima afe, basi awe wa mwisho.

Hakuwa wa mwisho. Mwaka 2014, Kailahun nchini Sierra Leone, alikufa kwa Ebola Dkt. Sheik Umar Khan, bingwa wa homa ya Lassa. Kazi ya kuongoza wodi ya Lassa huko Kenema aliipokea mwaka 2005 baada ya mtangulizi wake, Dkt. Aniru Conteh, kufa kwa Lassa kutokana na kujichoma sindano kazini. Khan alikuwa na kioo kirefu alichokiita polisi. Kabla ya kuingia wodini alisimama mbele yake kutafuta tundu kwenye mavazi. Mtu makini namna hiyo, naye akaenda. Katika mlipuko ule wa Afrika Magharibi walikufa wahudumu wa afya zaidi ya 500.

Mwaka 2022 Ebola ya aina ile ile ya Sudan ikarudi Uganda, safari hii Mubende. Daktari wa kwanza kufa alikuwa Mtanzania, Dkt. Mohammed Ali, mwenye miaka 37, aliyekuwa akisomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Alifariki tarehe 1 Oktoba huko Fort Portal. Kijana wetu alikwenda nchi ya jirani kuongeza ujuzi, akafia kwenye foleni ya wagonjwa wa jirani. Kabla mlipuko haujatangazwa kwisha Januari 2023, wahudumu 19 walikuwa wameambukizwa na 7 wamekufa. Nilitarajia jina la Dkt. Ali litajwe sana kwetu, katika vyuo vya udaktari na hata misikitini na makanisani. Lilitajwa siku mbili tatu, tukasonga mbele. Miezi michache baadaye homa ya Marburg ilizuka Kagera, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo mhudumu wa afya.

Nchini Kenya, Desemba 2020, alikufa kwa UVIKO-19 Dkt. Stephen Mogusu, mwenye miaka 28. Chama cha madaktari kilisema hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi kadhaa na hakuwa na bima ya afya. Wiki mbili baada ya kifo chake madaktari wa umma waligoma, wakidai vifaa vya kinga, bima na fidia. Baadhi ya wananchi waliwakasirikia. Daktari mwema, walisema, hagomi.

Hapo ndipo kumbukumbu ya mtu kama Matthew inapotumika vibaya, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala hii. Tunamchukua mtu aliyekufa kazini, tunamvika taji, kisha taji lile tunalitumia kumnyamazisha aliye hai. Muuguzi anayeuliza glavu ziko wapi anaambiwa kazi hii ni wito. Daktari wa mafunzo anayekesha zamu mbili mfululizo anakumbushwa kiapo chake. Ni kweli Matthew aliwaambia wenzake kwamba kazi yao ni wito na kwamba anayehudumia kwa upendo haitazami sana hatari. Lakini aliyasema akiwa ameshahakikisha barakoa zipo, mwongozo upo, wodi imetengwa, na akiwa tayari kuingia yeye kwanza. Kiongozi asiyetimiza hayo hana haki ya kuyarudia maneno hayo.

Ni kweli vifaa vinagharimu, na hospitali zetu ni maskini. Lakini Lacor ya mwaka 2000, katikati ya vita, ilianzisha wodi ya kutenga wagonjwa ndani ya siku chache kwa kufuata kitabu cha mwongozo. Gharama kubwa zaidi ilikuwa ya watu kufundishwa na kusimamiwa. Ningependa kila halmashauri iulizwe mambo ya kawaida kabisa: nani anashika zamu ya usiku, yuko na nani, na akiingiwa na mashaka juu ya mgonjwa ana namba ya simu ya nani. Matthew alikuwa na namba ya Okware na alikuwa na uzito wa kupokelewa. Mganga wa zahanati ya kijijini, akiona homa asiyoielewa, anampigia nani, na je, huyo anapokea? Na akifa kwa kuhudumia, watoto wake wanalipiwa ada na nani? Mambo hayo yanaandikwa katika sheria na bajeti. Maua juu ya kaburi hayalipi ada.

Januari 2025 Ebola ya aina ya Sudan iliingia Kampala. Wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa kiume wa Hospitali ya Taifa ya Mulago, mwenye miaka 32, aliyekufa tarehe 29. Alikuwa amezunguka vituo kadhaa vya tiba, hadi kwa mganga wa jadi, kabla ugonjwa wake haujajulikana. Robo karne baada ya Gulu, bado hapakuwa na chanjo iliyosajiliwa dhidi ya Ebola ya aina ya Sudan. Ile inayotumika Kongo ni ya aina ya Zaire. Ila safari hii dozi za chanjo ya majaribio zilikuwa tayari nchini Uganda, zimehifadhiwa kwenye baridi pamoja na utaratibu wa utafiti uliokwisha kuandikwa. Tarehe 3 Februari, siku nne baada ya mlipuko kutangazwa, uchanjaji ulianza. Waliotangulia kupewa nafasi ni watu waliokuwa karibu na muuguzi huyo alipokuwa akiugua, wahudumu wenzake wakiwemo. Mlipuko huo ulimalizika Aprili, ukiwa na wagonjwa 14 na vifo 4.